Pete ya Uchumba Kabla ya Enzi ya Almasi

Vijana wetu wengi huamini kwamba pete ya uchumba isiyo na almasi ina upungufu, na baadhi yao huingia katika madeni kwa ajili hiyo. Historia yatufundisha vingine.

Katika karne ya kwanza, Plinius wa Roma aliandika kwamba mchumba alipelekewa pete ya chuma isiyo na kito. Huko Uingereza, katika karne ya 16 na ya 17, wapendanao walipeana pete zilizochorwa maneno machache upande wa ndani, yasionekane ila na mwenye kuivaa. Almasi zilikuwa mali ya wakuu, hata zilipogunduliwa Afrika ya Kusini mwaka 1867 na kuchimbwa kwa wingi. Kampuni ya De Beers iliundwa mwaka 1888 ili kuidhibiti biashara hiyo. Na kaulimbiu iliyoandikwa na Frances Gerety mwaka 1947 ikaifungamanisha almasi na mapenzi ya milele.

Kwa hiyo, mwenye kipato kidogo atakaye pete ya mtindo wa kale na isiyofanana na za wengine, hana haja ya kukopa. Na amwendee sonara, amfulie pete ya fedha, kisha achore ndani yake neno walilolichagua wawili hao.

Wahenga walisema: chanda chema huvikwa pete. Tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba sifa hapo ni ya chanda.