Tarehe ya Karakorum, Mji wa Watu wa Mahema

Mwaka 1235 Ögedei, mwana wa Chinggis Khan, aliamuru ukuta na kasri vijengwe katika bonde la mto Orkhon, Mongolia. Mwenyewe hakuhamia ndani. Alikaa huko kwa msimu, kisha akang'oa mahema na kufuata malisho pamoja na baraza lake lote. Mji ulikuwa ghala, soko na karakana; ikulu ilitembea.

Mtawa William wa Rubruck alifika mwaka 1254, enzi ya Khan Möngke. Aliona mtaa wa Waislamu wenye masoko, mtaa wa mafundi wa Kichina, mahekalu kumi na mawili, misikiti miwili na kanisa moja. Kasrini palisimama mti wa fedha uliofuliwa na sonara wa Paris, Guillaume Boucher, ukimimina divai, asali iliyochachushwa, pombe ya mchele na maziwa ya farasi. Mimi navutiwa zaidi na malango manne. Mashariki iliuzwa nafaka, nayo ilikuja kwa nadra; magharibi kondoo na mbuzi; kusini ng'ombe na mikokoteni; kaskazini farasi. Nyika yenyewe ndiyo iliyoupanga mji huu.

Baadaye Khan Khubilai akahamishia makao Uchina, mji ukapungukiwa na watu. Mwaka 1388 jeshi la ufalme wa Ming wa Uchina likauteketeza. Karne mbili baadaye mawe yake yalitumika kujenga monasteri ya Erdene Zuu. Kobe wa jiwe, aliyebeba nguzo ya maandishi mgongoni, bado yuko nje ya ukuta wake, mgongo mtupu.

Miaka ya 1948 na 1949 Mrusi Sergei Kiselev alichimba ukumbi mkubwa akaamini ndilo kasri la Ögedei. Wachimbaji wa Mongolia na Ujerumani walipourudia walikuta hekalu la Kibudha. Kosa hilo naliona la kueleweka: tumezoea kuutafuta mji kwa kuanzia kwa mfalme.

Kisha watafiti wakaacha majembe. Walikokota vipima-usumaku juu ya majani, hekta 465, na ramani yao ikatoka mwaka 2021. Ndani ya ukuta kuna nafasi kubwa tupu, ya kutosha mahema. Nyumba zenyewe zimeshikana kandokando ya barabara, zikapita malango na kuendelea nje, kuelekea kule mifugo ilikotokea.