Mvua Haifutwi

Nimeletewa orodha ya istilahi za magari. Imepigwa chapa vizuri na kubanwa pini mbili, na ina dibaji inayowashukuru watu wengi. Aliyeniletea ni mwalimu mwenzangu wa zamani hapa Kibondo. Alinikabidhi mlangoni na hakutaka hata kuketi. "Mwalimu, soma ukurasa wa 17, halafu usije ukanilaumu mimi." Nikasoma. Kile kitu kinachopita na kurudi kwenye kioo cha gari wakati wa mvua, ambacho kila dereva kuanzia hapa hadi Kasulu anakiita mpira wa waipa, kamati iliyoitunga orodha imekibatiza *wembe wa kifutio cha ngao-upepo*.

Nimehesabu: majina matatu, makosa matatu. Viunganishi viwili, "wa" na "cha", havina dosari, kwa kuwa kamati haikuvitunga.

Sitapoteza wino kueleza waipa ni nini. Anayeishi nyanda hizi za Kigoma, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na kutuachia Mei, hahitaji somo hilo. Ninachotaka ni kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na maneno ya kazi hii muda wote, na kwamba kamati iliyapita njiani bila hata kuyaamkia.

Nianze na lile jepesi. "Ngao-upepo" ni Kiingereza cha Marekani kilichovishwa kanzu. Waingereza wenyewe, ambao ndio waliotuletea desturi ya kuendesha kushoto, hawasemi hivyo. Sisi tuna *kioo cha mbele*, maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayaelewa. Ngao tuwaachie walioiweka kwenye nembo ya taifa.

Kosa la pili linaniuma zaidi, kwa sababu limenigusa kazini. Nimefundisha kwa chaki miaka mingi. Najua kifutio ni nini: nimekipiga ukutani kikatoa vumbi jeupe, na siku nilipokasirika nimekirusha kuelekea dawati la nyuma. Kifutio hufuta. Na kufuta katika Kiswahili ni kuondoa kitu ili kisiwepo tena. Hufutwa maandishi ubaoni, hufutwa deni, hufutwa kesi, na mtu hufutwa kazi. Kilichofutwa kikirudi, tunasema hakikufutwa vizuri. Sasa niambieni, nani amewahi kufuta mvua? Waipa inapita, na kabla haijageuka matone yamekwisha kujaa tena. Kama ile ni kazi ya kufuta, basi kila waipa duniani ni mbovu.

Kiswahili kina kitenzi chake kwa kitu kinachoondolewa huku kikiendelea kuja: *kupangusa*. Tunapangusa jasho, na jasho linazidi kutoka. Tunapangusa machozi ya mfiwa, wala hatudhani kwamba msiba umekwisha. Mama anapangusa vumbi mezani asubuhi, na ikifika adhuhuri, hasa kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo mwekundu, anapangusa tena. Mvua haifutwi. Mvua hupanguswa.

Neno hili si la jana. Limo katika kamusi ya A. C. Madan, ya Kiswahili kwa Kiingereza, iliyochapwa Oxford mwaka 1903, na kutoka hapo halikuachwa na watunga kamusi waliofuata. Wala si la pwani peke yake. Mrundi, jirani yetu wa ng'ambo ya mpaka wa Mabamba na Manyovu, anayesema lugha iliyonyonya ziwa moja na Kiha chetu, akitaka kusema "kupangusa" husema *guhanagura*. Msomaji asishtushwe na hiyo "h" mwanzoni. Penye "p" ya Kiswahili, Kirundi mara nyingi huweka "h": *kupa* ni *guha*, *kupita* ni *guhita*. Rudisheni "p" mahali pake katika *guhanagura*, kisha mlisome polepole karibu na *pangusa*. Mimi naona ndugu wawili waliopotezana sokoni. Wenye vipimo vya isimu wakitaka kunikosoa, waje. Lakini waje na vipimo, wasije na cheo.

Kutoka hapo njia ni fupi. Kutokana na *ziba* tuna *kizibo*, kutokana na *funika* tuna *kifuniko*, kutokana na *pima* tuna *kipimo*. Kwa hiyo kutokana na *pangusa* tuna *kipanguso*. Silidai kuwa nimelizua. Lilikuwa limelala ndani ya kitenzi, mimi nimeliamsha tu. Kuna mwenzangu mmoja anayeshikilia kwamba liwe "kipangusio". Nimemwambia mara mbili, tena kwa upole, kwamba kiambishi kile kinafaa kitambaa anachoshika mtu mkononi akapangusia. Chombo kinachopangusa chenyewe hakikihitaji. Bado anashikilia.

Mwaka ule ule wa 1903 una jambo jingine ambalo kamati ingelijua ingesita kidogo. Mwezi Novemba, Mary Anderson, mwanamke wa Alabama nchini Marekani, alipewa hataza ya chombo hiki. Alikuwa amepanda tramu jijini New York wakati wa baridi, akamwona dereva akihangaika na kioo kilichojaa theluji yenye maji. Akabuni mkono wenye mpira, unaoendeshwa kwa wenzo kutoka ndani. Na katika hataza yake alikiitaje? *Kifaa cha kusafishia dirisha*. Hakuna ngao wala wembe. Mwenye mali alikiita kwa kazi yake. Baadaye aliipelekea kampuni moja ya Kanada ili iinunue haki hiyo. Ikamjibu kwamba haioni faida ya kibiashara ndani yake. Hataza ikaisha muda mwaka 1920, na magari yakaendelea kuvaa waipa bila yeye kuambulia hata senti. Nikisoma habari za mama huyu huwa nafikiri sana kuhusu watu wanaoketi mezani na kuamua lipi lina faida.

Tufike sasa kwenye wembe. Najua ulikotoka. Kwa Kiingereza kipande kile cha mpira huitwa *blade*, na anayefungua kamusi moja tu, tena kwa haraka, atakuta wembe, kisu na upanga. Angefungua ya pili angekuta kwamba neno hilo lilianza likiwa jani. Wajerumani mpaka leo jani huliita *Blatt*. Lilihamia kwenye kisu kwa sababu kisu ni chembamba na bapa kama jani. Basi kama ni lazima kutafsiri, hata "jani la kipanguso" lingekaribia ukweli kuliko wembe. Jani halimkati mtu.

Lakini mimi si mtu wa kubisha bila kujaribu. Nilikwenda duka la vipuri hapa Kibondo, nikaiweka orodha ya kamati mfukoni, nikaomba kwa sauti iliyo wazi: "Naomba wembe wa kioo cha mbele." Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, akanijibu, "Shikamoo mwalimu. Unabandua stika?" Akanitolea kijiwembe chenye mpini wa plastiki, kile wanachokwangulia stika kuukuu za bima na za Wiki ya Nenda kwa Usalama. Alikuwa sahihi kabisa. Wembe wa kioo upo, una kazi yake na bei yake, na kamati imempa mwingine jina la mtu aliye hai.

Kile kinachogusa kioo ni ulimi. Hili ndilo nililolisema katika kikao kimoja cha istilahi nilichoalikwa, na ambacho sijaalikwa tena. Shikeni mpira wa waipa mkautazame kwa karibu. Una mgongo mnene unaokaa ndani ya fremu, una shingo nyembamba, na chini ya shingo kuna ukingo laini unaochezacheza. Kipanguso kikienda kulia, ukingo ule hulala kushoto na kuburutwa nyuma yake. Kikifika mwisho na kugeuka, nao hugeuka, ukalala upande wa pili. Kugeuka huko ndiko siri yote ya chombo. Kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi Septemba, huukausha kwa jua na kuulisha vumbi la barabara. Ukikauka haugeuki, safari moja unaburutwa, safari ya pili unasukumwa kwa kichwa. Ndipo mvua ya kwanza ya Oktoba inamkuta dereva karibu na Makere, kioo kinalia krr, krr, na tope jekundu limetandazwa kama siagi mbele ya macho yake.

Kilicho laini, chenye maji, kisicho na mfupa, kinachogeuka huku na huku na kisichofaa kitu kikikauka: wahenga walikwisha kusema ulimi hauna mfupa. Na Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa mwilini. Msumeno una meno, chupa ina shingo, moto una ndimi, kiatu kina ulimi. Mafundi wetu wenyewe husema *mkono wa waipa*, na hakuna kamati iliyowafundisha. Penye mkono na shingo, ulimi ungekosaje kualikwa?

Katika kikao kile mtaalamu mmoja mwenye shahada nyingi kuliko subira alicheka. Akasema dereva atakuwa na gari lenye ndimi mbili, na mwenye ndimi mbili ni mnafiki. Wajumbe wakacheka naye, na wembe ukapita. Sikupata nafasi ya kujibu, kwa hiyo namjibu hapa: Probox yangu ina ndimi tatu, kwa kuwa na kioo cha nyuma nacho kina wake, na haijawahi kunisema vibaya nikiwa nimetoka nje ya chumba.

Naulizwa pia, kwa nini tusibaki na *mpira*? Kwa sababu mpira umechoka. Mpira ni wa miguu, mpira ni wa kumwagilia bustani, mpira ni huo mwingine wa zahanati. *Waipa* siipigi vita; imekwisha kuoa na kuzaa kwetu. Nasema tu kwamba anayetaka neno la kitabuni asiende kuliazima wakati analo ndani.

Kuubadilisha ulimi wenyewe nyumbani ni kazi ya dakika kumi. Pima urefu wa kila upande kwa inchi, maana wa dereva mara nyingi ndio mrefu. Inua mkono wa kipanguso, tandika taulo kioo kisije kikapasuka mkono ukiponyoka. Bonyeza kile kidude cha plastiki penye kulabu, shusha kipande cha zamani, pandisha kipya hadi kilie *tak*, kisha jaribu kwa maji. Basi.

Wiki iliyopita ndimi zangu zilinikausha roho njiani nikitoka Kasulu. Niliingia Kibondo jioni, mvua inamwagika, yule dada anashusha mlango wa duka. Nikakimbia na kusema, na hapa nakiri mbele ya wasomaji wangu wote, "Mwanangu, nipe mpira wa waipa, jozi moja." Akanipa bila kuuliza swali.

Lakini nilipolipa niliomba risiti. "Niandike waipa?" Nikamwambia aandike ninavyomtajia. Akaandika herufi kwa herufi, akicheka, kisha akagonga muhuri wa duka: *Ndimi za kipanguso, jozi 1.* Kamati zina desturi ya kumdai mtu ushahidi wa matumizi. Ushahidi ninao, una tarehe na muhuri. Nimeubana kwa pini mbili nyuma ya orodha yao, kwenye ukurasa wa 17.