Dozi moja, miili tofauti

Nimepotea kidogo, tesiti zimenibana. Juzi usiku tukipitia madesa hapa hosteli, kuna mada ikanirudisha nyumbani. Mama mdogo alipotibiwa kansa kwa mionzi, ngozi ilimbabuka vibaya, wakati mwenzake wa kitanda cha pili alitoka salama. Mtaani wakasema karogwa.

Kumbe swali la kwa nini mionzi humuumiza huyu zaidi ya yule lina historia, tena ya majonzi. Mwaka 1967 madaktari Marekani waliandika habari za mtoto mwenye ataksia telanjiektasia, ugonjwa wa kurithi unaomfanya mtu ayumbe akitembea na mishipa myekundu ionekane machoni. Alitibiwa uvimbe kwa mionzi kama wengine, mwili ukadhurika kupita walivyotarajia. Zikafuata ripoti nyingine za namna hiyo.

Mwaka 1975 Malcolm Taylor na wenzake, Uingereza, wakaziotesha maabara seli za wagonjwa hao na kuzipiga mionzi. Zilikufa kwa wingi kuliko za watu wasio na ugonjwa. Basi tatizo si mashine wala daktari, liko ndani ya seli.

Miaka 20 baadaye, 1995, kundi la Yosef Shiloh wa Tel Aviv likaipata jeni yenyewe: ATM. Msicheke, si ile ya kutolea bumu! Mionzi ikikata nyuzi zote mbili za DNA, protini ya ATM hupiga king'ora: seli isimame kugawanyika, mafundi waje waunge. King'ora kikiwa kibovu, seli inaendelea na DNA iliyokatika. Siku hizi madaktari wakijua mgonjwa ana ugonjwa huu, mionzi huepukwa au hupunguzwa.

Sasa, sisemi mama mdogo ana hiyo kitu. Ugonjwa wenyewe ni nadra, lazima urithi jeni mbovu kwa baba na kwa mama. Tofauti ndogondogo za jeni nyingine nazo huchangia, pia sehemu iliyopigwa, ukubwa wa dozi, hata sigara. Ila uchawi haumo.

Somo hili tumelipata kwa maumivu ya watoto ambao hawakuchagua jeni zao. Jana nimempigia mama mdogo nikamweleza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwa hiyo mwanangu, sikukosea kitu?"

Hapana, mama. Haya wadau, lekcha inaniita.