Kabla ya Eldoret Kulikuwa na 64. Sasa 63 Iko Wapi?

Jumapili jioni dadangu mdogo alinipata sebuleni na daftari lake la hesabu. Jaza nafasi: 4, __, __, 19. Alikuwa amechukua 19, akatoa 4, akapata 15, kisha akagawanya kwa 2 kwa sababu nafasi wazi ni mbili. Akapata 7.5 na kichwa kikamuuma.

Hilo kosa nimelifanya mara nyingi, wacha nisijifanye. Huhesabu nafasi, unahesabu hatua. Kutoka 4 hadi 19 unaruka mara tatu, kwa hivyo 15 unagawanya kwa 3, kila hatua ni 5. Jibu ni 9 na 14. Imeisha hiyo.

Kogo alikuwa jikoni akisema kesho anaenda Sisibo. Ndiyo nikakumbuka, kumbe sisi wenyewe tunaishi ndani ya swali kama hilo.

Kama wewe si mtu wa Eldy: Sisibo ni Eldoret. Ni sitini na nne ya Kiingereza baada ya kupita kwenye ndimi za wazee wetu. Hata uwanja wa katikati ya mji unaitwa 64. Posta ilifunguliwa hapa 1910 kwenye eneo lililojulikana kama Shamba 64, na jina Eldoret likaja 1912, wakati gavana alikuwa Percy Girouard. Mwaka wa 2024 tukapewa hadhi ya jiji. Yaani jiji zima lilianza kama namba kwenye foleni, na namba za jirani hakuna anayeziimba. Umewahi kusikia mtu akisema ametoka 63?

Sasa, hiyo 64 ilikuwa kwenye foleni gani? Hapo ndipo wazee hugombana. Wengine wanasema lilikuwa shamba la 64 kwenye orodha ya mashamba yaliyopimwa na kugawiwa walowezi. Wengine wanasema ni maili 64 kutoka mwisho wa reli, yaani kama kilomita 103. Lakini hao wa maili waulize reli gani, mmoja atakwambia Londiani, mwingine Kibigori. Hesabu ya maili lazima ianze na sifuri mahali fulani, na wao sifuri yao ina nyumba mbili. Kwa hivyo mimi niko upande wa shamba mpaka mtu anishawishi.

Tofauti yake si ndogo. Kwenye maili, kutoka 63 hadi 64 ni umbali, hatua ni ileile kila mara, unaweza kutembea na kuipima. Kwenye orodha ya mashamba, hatua ya 1 iko tu kwa karatasi. Shamba moja linaweza kuwa kubwa, lingine mawe matupu, na bado namba zinafuatana vizuri kama wanafunzi kwenye gwaride.

Maili tunazo pia, lakini hizo zinahesabiwa kutoka mjini. Ukipanda matatu ya Maili Nne, umekubali bila kujua kwamba katikati ya Eldoret ni sifuri. Ile 64 ya watu wengine imekuwa mwanzo wa hesabu yetu. (Na maili 4 ni kilomita 6.4. Nimeiangalia mara mbili.) Barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu ina Maili Sita na Maili Kumi. Zilizopotea katikati ni 7, 8 na 9? Au ni 8 peke yake, kama hatua ni 2? Daftari la shule hukuonyesha nafasi ngapi ziko wazi. Barabara haikuonyeshi. Jina linabaki pale watu walijenga maduka, kwingine jiwe linang'olewa na hesabu inakatika.

Nikamwandikia dadangu swali langu mwenyewe. 1908, 1910, 1912. Mwaka wa 1908 ndio Jansen van Rensburg alileta Makaburu kutoka Transvaal, meli hadi Mombasa, treni hadi Nakuru, halafu magari ya ng'ombe hadi juu huku. 1910 posta. 1912 jina. Hatua ni 2, safi kabisa. Rudi nyuma, nikamwambia.

Akaandika 1906, 1904.

Umeona imeruka nini? Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza tangu miaka ya 1890. Baada ya hapo wakasukumwa kwenye hifadhi, na ndiyo mpimaji akapata nafasi ya kutembea na mnyororo wake akipanga namba. Hata jina la kaunti, Uasin Gishu, ni la Wamaasai walioishi kwenye nyanda hizi kabla ya vita vya karne ya 19 kuwatawanya. Na kabla yao wazee wanawataja Wasirikwa, walioacha mashimo ardhini ambayo bado yanaonekana. Hakuna hata mmoja wao aliyeanza kuhesabu kutoka 1.

Nilimuuliza kogo kama anajua kabla ya Sisibo pale paliitwaje. Akasema kila kilima kilikuwa na jina lake, mbona mtu aite kilima namba? Akaanza kuyataja, na mimi sikuwa na kalamu karibu.

Dadangu akauliza sasa aandike jibu gani. Nikamwambia aache 1904 na 1906, hatua ni 2, hajakosea popote. 1905 akaiandika pembeni kwa penseli, nje ya mstari.