Dhaifu na mnyonge si pacha

Kuna maneno mawili tunayoyachanganya kila uchao, hata katika hotuba za wakubwa: ‘dhaifu’ na ‘mnyonge’. Leo nataka tulifuate hilo la kwanza hadi lilikotoka.

Dhaifu ni neno la Kiarabu. Lilipopokewa na Waswahili lilidondosha sauti ya koo, ain, iliyokuwa katikati, kisha likapewa irabu /u/ mwishoni ili litamkike Kibantu. Kiarabu kina herufi tatu, dhad, dhal na dha, ambazo Kiswahili kimezifinyanga kuwa /dh/ moja. Ndiyo sababu dhaifu, dhambi na dhuluma huanza sawa kwetu, ilhali Mwarabu huziandika kwa herufi tofauti. (Sisi Wakamba /dh/ haitupi taabu, kwani ndiyo ‘th’ ya maandishi yetu. Kasheshe ni ‘thamani’, ambayo wengi huiita ‘dhamani’.)

Maana yake ya msingi ni kupungukiwa na nguvu: mgonjwa dhaifu, hoja dhaifu. Wanazuoni wa Kiislamu nao huita hadithi ya Mtume dhaifu iwapo, kwa mfano, mnyororo wa wapokezi wake umekatika. Kutoka hapo neno limeingia katika tabia, tukasema fulani ni dhaifu mbele ya pesa.

Unyonge ni kitu kingine. Mnyonge ni yule asiye na uwezo mbele ya mwenye mamlaka, hata akiwa na misuli ya kubeba gunia. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang’anya Wakamba wa Machakos ng’ombe wao, ati mifugo imezidi na ardhi inamomonyoka, maelfu walienda Nairobi kulalamika, Muindi Mbingu akiwaongoza. Yeye alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Wale walikuwa wanyonge kwa gavana, lakini nani atathubutu kuwaita dhaifu?

Kinachonikera zaidi ni ripoti za shule. Majuzi mzazi mmoja hapa mjini alinionyesha ya bintiye, imeandikwa: ‘Mwanafunzi dhaifu.’ Akaniuliza, “Mwalimu, kwani mtoto wangu anaumwa?” Hiyo ni tafsiri ya Kiingereza, neno kwa neno, na inamtia doa mtoto mzima kwa sababu ya somo moja. ‘Ana udhaifu katika hesabu’ ingetosha kabisa, na mzazi angejua pa kuanzia.