Viungo vya tovuti: si wingi, ni uzito

Ushirika wa kahawa wa Kivu ao duka ya Bunia ikifungua tovuti, shida ya kwanza ni kuonekana kwenye Google. Hapo ndipo wauzaji wanatokea: viungo elfu moja kwa bei ndogo. Mbele ya kulipa, ni vizuri kujua namna viungo vinahesabiwa.

Kiungo ni nini?

Kiungo, ile wengi wanaita lien, ni maneno ya kubonyeza yanayomutosha musomaji kwenye tovuti moja na kumupeleka kwenye ingine. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hesabu yao, PageRank. Kila kiungo ni kama kura, lakini kura hazilingane. Ya ukurasa unaoaminiwa na wengi inapita zingine. Tena ukurasa unagawanya uzito wake kwa viungo vyote unavyotoa: vikiwa mia, kila kimoja kinapata kidogo.

Ni sawa na mugeni anayetafuta fundi sokoni Kadutu. Watu kumi waliolipwa kumusifu fundi hawafikie neno la muzee mumoja anayejulikana.

Hatari ya kununua

Mwezi wa 2, 2011, gazeti New York Times lilionyesha kwamba maelfu ya viungo, vingi kwenye tovuti zisizohusu bidhaa zake, vilisaidia kupandisha duka kubwa la Marekani JCPenney. Google ikalishusha. Kampuni ilisema haikuruhusu viungo hivyo.

Mwezi wa 4, 2012, Google ilileta Penguin, programu ya kupambana na viungo vya udanganyifu. Tangu 2016, Penguin kwa kawaida inavinyima uzito tu. Kwa hiyo munuzi anaweza kupoteza feza bila kuona mabadiliko yoyote. Google ikigundua udanganyifu mukubwa, ingali inaweza kuazibu tovuti yenyewe.

Ushirika ufanye nini?

Uombe munuzi wa kahawa, shirika linaloufahamu ao radio ya mahali kuweka kiungo. Uandike mambo ambayo wengine watataka kuonyesha: majira ya mavuno, namna ya kuosha na kuanika kahawa. Ukurasa ufunguke haraka kwenye telefone, sababu viungo peke yake havitoshe.

Tangazo la kulipia halikatazwe, ikiwa kiungo chake kina alama ya kuambia Google kisihesabiwe kama kura.

Na muuzaji akikuja, aulizwe: viungo hivyo vitatoka kwenye tovuti gani, na nani anazisoma?