Wahakiki 88, Mashabiki Sifuri: Stori ya Modern Warfare 3

Kuna twiti moja ya Novemba 2011 ambayo mimi huikumbuka kila Call of Duty mpya ikitoka. Iliandikwa na Glen Schofield, mmoja wa walioanzisha studio ya Sledgehammer Games. Gemu yao, Modern Warfare 3, ilikuwa imetoka tarehe 8 mwezi huo. Jamaa hakuwa anaringa, alikuwa anaomba. Kama umeipenda hii gemu, ingia Metacritic utusaidie na alama ya wachezaji, iko chini hadi inatia shaka. Akaongeza kwamba watu wawe wakweli, wasaidie tu kama wanakubaliana naye.

Sasa weka hiyo kando ya pesa. Siku ya kwanza peke yake, Marekani na Uingereza, Modern Warfare 3 iliuza nakala milioni 6.5, karibu dola milioni 400. Baada ya siku 16 ilikuwa imeingiza dola bilioni 1, ikipita filamu ya Avatar iliyochukua siku 17. Halafu mmoja wa waliotengeneza hiyo kitu yuko mtandaoni anaomba nyota kama dereva wa Uber mwisho wa safari. Mimi wakati huo nilikuwa darasa la tatu na gemu pekee niliyojua ni ile ya nyoka kwa simu ya mathe, kwa hivyo hii stori nimeisoma baadaye. Lakini nikiisoma bado naona ni yetu.

Wacha nieleze Metacritic kwa wale hawaijui. Ilianza 2001 huko Marekani. Inachukua hakiki kutoka magazeti na tovuti nyingi, inageuza kila alama iwe ya 100, kisha inapiga wastani. Si wastani wa kawaida wa darasani, kwa sababu wahakiki wengine wamepewa uzito kuliko wenzao, na huo uzito hautangazwi. Gemu ikipata 75 kwenda juu inapakwa kijani, 50 hadi 74 njano, chini ya hapo nyekundu. Pembeni kuna namba ya pili, ya wachezaji, ambayo ni ya 10. Hiyo mwaka wa 2011 mtu yeyote angeweza kuipiga siku ileile gemu imetoka. Hakuna aliyekuuliza kama umeinunua, wala kama una mashine ya kuichezea.

Modern Warfare 3 ilipewa 88 na wahakiki kwa Xbox 360 na PlayStation 3. Kwa kompyuta, 78. Kijani kote. Wachezaji wakaipa chini ya 4 kati ya 10, sifuri juu ya sifuri.

Ni rahisi kusema mashabiki wamerukwa na akili, na wengi walisema hivyo. Wengine walisema ni watu wa Battlefield 3, ambayo ilikuwa imetoka wiki mbili kabla, na hao na wa Call of Duty hawangeweza kukaa meza moja. Hiyo ilikuwepo, sikatai. Lakini ukitaka kuelewa zile sifuri, lazima urudi nyuma hadi 2009.

Oktoba 2009, kabla Modern Warfare 2 itoke, studio ya Infinity Ward ilitangaza kwamba toleo la kompyuta halitakuwa na seva maalum. Kwa mchezaji wa konsoli hiyo ni habari ndogo. Kwa watu wa kompyuta ilikuwa kama kuambiwa uwanja wenu wa mtaa umeuzwa. Seva maalum walikuwa wanazikodisha wenyewe, wanaweka sheria zao, wanafukuza wanaoiba mechi kwa programu za ujanja, wanajuana kwa majina. Sasa mfumo mpya ungekupangia watu wa kucheza nao, na mmoja wenu ndiye angebeba mechi nzima kwa mashine yake. Intaneti yake ikiwa mbaya mnaumia wote. Na juu ya hayo bei ikapanda hadi dola 60, wakati gemu za kompyuta zilizoeleka kuwa dola 50.

Watu wakatia sahihi, maelfu kwa maelfu. Wakaunda kikundi cha kususia kwa Steam. Gemu ilipotoka tarehe 10 Novemba, mtu mmoja akapiga picha ya skrini ya hicho kikundi, na wanachama wengi waliokuwa mtandaoni walikuwa wanacheza, eh, Modern Warfare 2. Hiyo picha inazungushwa kama kichekesho hadi leo. Nacheka pia, lakini nawaelewa. Gemu ya kucheza na wengine huwezi kuisusia peke yako. Ukikaa nje, mbogi yako yote iko ndani, na unabaki na msimamo wako na skrini tupu.

Wahakiki wakaipa 94 kwa konsoli na 86 kwa kompyuta. Ikauza nakala milioni 4.7 siku ya kwanza Marekani na Uingereza. Yaani sahihi zimekataa, kususia kumekataa, na waliokuwa wanategemewa kuwasemea wametoa kijani.

Ndio maana 2011 watu walienda moja kwa moja kwa ile sanduku la alama. Ukisoma malalamiko ya wakati ule, wengi hawakuwa wanasema Modern Warfare 3 ni mbovu. Walikuwa wanasema ni ileile: ramani mpya, mwendo uleule, dola 60 tena. Na hapa ndipo nawalaumu wahakiki kidogo. Hakiki nyingi zilikiri kwamba fomula haijabadilika, halafu zikatoa 8 na 9. Mhakiki anauliza kama kitu kimetengenezwa vizuri, na kilikuwa kimetengenezwa vizuri. Aliyenunua ya 2009 anauliza kwa nini alipe tena. Hayo ni maswali mawili, na namba moja haiwezi kuyajibu yote. Tatizo ni kwamba mhakiki mara nyingi hatumwi bili, amepewa nakala yake bure ili aihakiki.

Lakini pia msikie Schofield. Machi 2010 Activision iliwafuta kazi Jason West na Vince Zampella, wakuu wa Infinity Ward, na makumi ya wafanyakazi wakaondoka baada yao. Wengi walienda nao kuanzisha Respawn. Sledgehammer ilikuwa studio changa inayotengeneza Call of Duty yake ya vita vya Vietnam. Ikaacha hiyo kazi ikaja kusaidia waliobaki. Modern Warfare 3 ndiyo gemu ya kwanza studio hiyo kuwahi kutoa. Wewe umemaliza kazi kama hiyo, halafu unakuta sifuri kutoka kwa mtu ambaye pengine hajaigusa. Manze, hata mimi ningetwiti.

Kitu ambacho mashabiki wengi hawakukijua ni kwamba ile sifuri haikuwa inafika kwa mfuko wa mtu. Alama ya wahakiki ndiyo ilikuwa na pesa ndani. Machi 2012 Chris Avellone wa studio ya Obsidian alifichua kuhusu Fallout: New Vegas, iliyotoka 2010, kwamba mkataba wao ulikuwa na bonasi ikiwa gemu itafika 85 Metacritic. Ilipata 84. Ni kama kukosa kozi ya udaktari kwa pointi moja, tofauti ni kwamba hapa aliyekosa ni ofisi nzima. Kwa hivyo ukimtukana mhakiki kwa sababu ya 8 badala ya 9, unapigania namba ambayo wakubwa wanaweza kuwa wameifunga kwa mishahara ya watu. Ukipiga sifuri yako, wanaweza kuisoma au wasiisome, na mauzo yanaendelea.

Metacritic yenyewe ilikuja kubadilika kidogo. Julai 2020, baada ya vurugu za The Last of Us Part II, ikaanza kuwafanya wachezaji wangoje saa 36 baada ya gemu kutoka kabla ya kupiga alama. Saa 36 za kupoa hasira. Wengine hawakupoa.

Halafu ikafika 10 Novemba 2023, Modern Warfare III, safari hii kwa namba za Kirumi, na Sledgehammer tena. Schofield alikuwa ameshaondoka zamani. IGN ikaipa hadithi yake ya mchezaji mmoja 4 kati ya 10, na wastani wa wahakiki ukakaa kwa hamsini na kitu. Bloomberg iliripoti kwamba ilitengenezwa kwa kama miezi 16, nusu tu ya muda ambao gemu hizi huchukua, na kwamba ilianza kama nyongeza ya ile ya 2022. Activision ikakanusha hiyo ya nyongeza. Lile lalamiko la 2011, kwamba mnatuuzia ile ya jana, sasa lilikuwa linaandikwa na wahakiki wenyewe, na wengi wa mashabiki waliokuwa wakiwaita wahongwa wakawa wanasambaza hakiki zao.

Bei ilikuwa dola 70. Kwa shilingi ya wakati ule hiyo ni zaidi ya 10,000. Mwisho wa mwaka ilikuwa gemu ya pili kwa mauzo Marekani, nyuma ya Hogwarts Legacy.

Kwa base yetu ya PS haikununuliwa. Mwenye base hakuuliza imepata ngapi. Aliuliza ni wangapi kati yetu watatoa pesa kuicheza siku ya Jumanne mchana, tukaangaliana, akawasha FC.